Baka jeusi limetoka wapi? Jibu hilo kwanza, krimu baadaye

Karibu kila siku mtu ananitumia picha WhatsApp, ya shavu, ya shingo, ya kwapa, chini yake maneno mawili tu: nipake nini. Mi narudisha swali, limeanza lini, na kabla halijaanza kulikuwa na nini hapo mahali, chunusi, kidonda, ulikuwa na mimba, ulimeza dawa gani. Wengine wanakasirika, wanaona nawazungusha, walitaka jina la krimu waende wakanunue basi. Na krimu zipo, nauza duka la dawa hapa Busia upande wetu wa Uganda, ukivuka mpaka kwenda Kenya unazikuta zingine, ukienda Kampala pale soko la Kikuubo ndo usiseme. Lakini baka jeusi si ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Ni nyayo za kitu kilichopita, na saa zingine hicho kitu bado kiko ndani ya nyumba, wewe umeshika dekio unafuta nyayo na chenyewe kinaendelea kutembea.

Tuanze na ngozi yenyewe, nitaenda haraka. Kwenye ngozi kuna seli ambazo kazi yao ni kutengeneza rangi, rangi inaitwa melanini, na kinyume na vile watu wanadhani, mtu mweusi na Mzungu idadi ya hizo seli inakaribiana sana, tofauti iko kwenye bidii ya kazi, za kwetu zinatoa rangi nyingi na nzito na hiyo rangi inatukinga na jua, ni mali hiyo. Shida ni kwamba seli zetu zinashtuka haraka. Zichokoze kidogo tu, mbu akung'ate, mafuta ya chapati yakurukie mkononi, chunusi uikamue, wembe ukuchubue, zinamwaga rangi kupita kiasi, kidonda kinapona alafu panabaki peusi. Rangi ikimwagika juu juu inatoka polepole na ngozi inavyojibadilisha, miezi 3, 6, hata mwaka. Ikidondoka kwenye ngozi ya ndani inakaa miaka, na ukiiangalia vizuri inakuwa na ukijivu au ubluu fulani badala ya kahawia. Ndo maana mabaka ya watu wawili yanaweza kufanana kabisa kwenye simu na moja likaisha kabla ya Krismasi, lingine likae mpaka mtoto aanze shule.

Hayo madoa yanayobaki baada ya chunusi au kidonda ndo mengi kuliko yote, na dawa yake ya kwanza ni kuzima kilichoyaleta. Mtu anatoka chunusi mpya kila wiki na anatafuta krimu ya kufuta madoa ya zile za zamani, hatamaliza, atibu chunusi kwanza na kidole kikae mbali na uso. Mtoto ana upele, anajikuna usiku kucha, miguu imejaa alama, mama ananunua losheni ya bei kali ya kumlainisha, lakini upele wenyewe haujatibiwa na wote wanaolala kwenye hiyo nyumba hawajapakwa dawa kwa pamoja, basi alama zitazidi kuongezeka. Wanaume wenye ndevu za kujikunja nao, ukizikata chini kabisa kwa wembe nywele zinajipinda zinarudi ndani ya ngozi, vipele, alafu weusi wa kidevu na shingo, hapo hakuna krimu inayoshinda kuacha wembe na kutumia mashine inayobakiza nywele fupi juu ya ngozi.

Kuna fangasi pia, yale mabaka ya kifuani na mgongoni yenye vumbi vumbi ukikwaruza na kucha, kwa wengine ni meupe kwa wengine ni meusi. Hiyo ni rahisi, shampuu ya ketokonazoli unaipaka mwilini unaiacha dakika chache unaosha, unarudia siku kadhaa vile karatasi yake inasema. Ila jua hili, fangasi wanakufa haraka lakini rangi inachelewa kurudi sawa, miezi, kwa hiyo usiseme dawa ni feki ukaanza kuongeza zingine juu yake.

Sasa shingo. Hii nataka nikae nayo kidogo manake inaniuma. Mama mmoja alikuja dukani na binti yake wa sekondari kununua skrabu. Binti amefunga kitambaa shingoni na joto lote lile la mchana, mama akakifungua mwenyewe anionyeshe, shingo nyuma na pembeni nyeusi tii, ngozi imekuwa nene yenye mikunjo midogo midogo, na pembezoni imechubuka mpaka nyekundu, kwa sababu kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anasuguliwa kwa jiwe la miguu na sabuni ya mche. Mama hakuwa mbaya, alikuwa amechoka na maneno ya watu, wanamwambia mtoto wako haogi. Binti anaangalia chini tu. Nikamwambia mama, hii si uchafu, haiwezi kutoka kwa jiwe, kila ukisugua unaiongezea weusi, na mimi siuzi skrabu kwa hii shingo, mpeleke apimwe sukari.

Ngozi ya namna hiyo, shingoni, kwapani, kwenye mapaja kwa ndani, mara nyingi inatokana na insulini. Mwili unaanza kuwa mgumu kuisikia insulini, kongosho inatoa nyingi zaidi ili sukari ishuke, na hiyo insulini ikizidi kwenye damu inachochea seli za ngozi zizaliane, ngozi inanenepa na kuwa nyeusi. Inaweza kutokea miaka kabla kisukari hakijaingia, yaani mwili unakupigia simu mapema. Si kila mtu mwenye shingo hiyo ana kisukari, wengine ni ukoo, wengine ni uzito, kuna dawa zinazoleta, na mara chache sana kwa mtu mzima ikija ghafla na kwa nguvu huku anakonda inabidi daktari atafute saratani ya tumboni. Lakini kipimo cha sukari ni cha kidole, dakika moja. Yule binti alipimwa kituo cha afya, sukari ilikuwa juu kidogo haijafika kisukari, wakaongea na mama kuhusu soda na chapati na kutembea kwa miguu. Shingo haijawa sawa mara moja, inapungua uzito ukipungua, ila jiwe lilitupwa, na kwangu hilo ni kubwa.

Nyingine ambayo watu hawaijui kabisa ni baka la dawa ya kumeza. Mzee mmoja dereva wa malori, hawa wanaopanga foleni mpakani Malaba, alikuwa na duara jeusi mdomoni na lingine juu ya mkono, kila baada ya muda linawasha, linachoma, linazidi kuwa jeusi, alafu linatulia. Yeye alishaamini kuna mtu, alishazunguka kwa waganga. Nikamuuliza, mzee wangu, kabla halijaanza kuwasha huwa unameza nini? Akafikiria akasema hakuna, ni Septrin tu nikiwa na kikohozi. Ndo hiyo. Kuna watu ngozi zao zikikutana na dawa fulani zinawaka mahali pale pale, kila mara pale pale, duara lenye mpaka safi, na likitulia linaacha weusi, ukirudia dawa linarudi na saa zingine linaleta wenzake. Dawa za jamii ya salfa ndo zinaongoza, Septrin, Fansidar, na dawa za maumivu kama ibuprofeni nazo zimo. Krimu haiwezi kusaidia hapo hata uagize Ulaya, unaacha ile dawa, unaiandikisha kwenye kitabu chako cha hospitali ili usipewe tena.

Ila hapa nisikilizwe vizuri. Wako ndugu zetu wanaomeza Septrin kila siku kwa maagizo ya kliniki, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, na wako wajawazito wanaopewa Fansidar kuzuia malaria. Usiache kimya kimya nyumbani. Rudi kwa aliyekupa umwonyeshe, kuna namna ya kukubadilishia. Na ukimeza dawa yoyote ukaona malengelenge mwilini, vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inauma inachunika, huendi duka la dawa, unaenda hospitali usiku huo huo, watu wanakufa kwa hiyo.

Yale ya mashavuni sasa, kahawia, yanakuja pande zote mbili karibu sawasawa, mashavu, paji la uso, na juu ya mdomo kama mtu amechorwa masharubu. Hayo nayajua kwa uso wangu, yalinitokea mimba ya pili. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, shangazi anasema ni mtoto wa kiume, jirani anasema damu chafu. Nesi wa kliniki ya wajawazito ndo alinieleza vizuri, ni homoni za mimba pamoja na jua, hivi viwili vikikutana kwa mtu ambaye ukoo wake una hali hiyo, mabaka yanatoka. Kwa wengi yanapungua yenyewe miezi baada ya kujifungua, kwa wengine kama mimi yanapungua nusu yanabaki. Homoni za uzazi wa mpango nazo zinaweza kuyaleta, vidonge, sindano, hasa vidonge. Na hapo pia usikimbie kuacha njia yako ukapata mimba ambayo hukupanga, ongea na nesi, kuna koili ya shaba ambayo haina homoni kabisa.

Jua lenyewe tunalichukulia kama kitu cha Wazungu wanaoungua. Nchi yetu mstari wa ikweta unapita katikati, pale Kayabwe barabara ya Masaka watu wanasimama kupiga picha, na Kampala iko juu karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi inatushukia wima mwaka mzima, hatuna ule msimu wa baridi ambao ngozi inapumzika. Mawingu hayazuii vizuri, siku ya mvua mvua mionzi mingi bado inapita. Kioo cha gari kinazuia aina moja ya mionzi na kinaachia ile nyingine inayochochea rangi, ndo utaona dereva wa teksi shavu la upande wa dirisha limeungua kuliko la ndani. Mtu wa boda ndo kabisa, kutwa nzima. Na mwanga wenyewe tu, huu tunaouona kwa macho, kwa ngozi nyeusi unaongeza hayo mabaka. Ndo sababu sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, nzuri kwa mabaka ya mashavu ni ile yenye rangi ya udongo ndani yake, ina oksidi ya chuma, inazuia na mwanga huo, na kwetu haiachi uso mweupe mweupe wa majivu.

Wananiuliza, sasa dada, mtu mweusi na sanskrini wapi na wapi? Kwa saratani za ngozi za jua ni kweli sisi hatari yetu ni ndogo sana, wanaoihitaji sanskrini kwa uhai wao ni ndugu zetu wenye ualbino, na sanskrini ikiwa chache mahali popote wao ndo wapewe kwanza, mi hilo sina mjadala nalo. Lakini kwa mtu mwenye baka, kupaka dawa ya usiku alafu mchana unatoka uso wazi saa saba ni kutwanga maji kwenye kinu. Seli zinachochewa upya kila siku. Namba ya SPF kwenye tyubu iwe 30 kwenda juu, uipake ya kutosha, jaza vidole viwili kwa uso na shingo, watu wanapaka kidogo mno kama lipstiki, na ukiwa nje unarudia kila masaa mawili. Najua bei yake, najua kuna watu hiyo hela ni posho ya wiki. Basi kofia pana, mwavuli, leso kichwani ikashuka mpaka kwenye shavu, kutembea upande wa kivuli, kupanga shamba asubuhi mapema na jioni. Hizo hazina bei na zinafanya kazi kweli. Na wale wanaoinamia sigiri kutwa, wakaanga chapati na rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, madaktari wengi wanasema joto lenyewe linachochea mabaka ya mashavu, kama unaweza kusogea nyuma kidogo au kupokezana na mwenzako, fanya.

Nafika kwenye lile linalonikosesha usingizi. Hizi krimu za mchanganyiko, ndugu zetu wa Tanzania wanaita mkorogo, zinauzwa kwenye vikopo vyeupe bila lebo, muuzaji anakuchotea na kijiko, anakuambia hii ya mabaka, hii ya kung'arisha, wiki mbili tu. Na uongo wake mkubwa ni kwamba wiki mbili zile zinafanya kazi kweli. Ndani mara nyingi kuna steroidi kali, ile ambayo daktari angekupa kwa ugonjwa maalum, sehemu maalum, siku chache. Baka linafifia, uso unang'aa, marafiki wanasifia wanaomba namba ya muuzaji. Miezi inapita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi ndogo ndogo zinajaa, nywele zinaota kidevuni, mapajani inachanika michirizi. Ukiacha, uso unawaka moto unavimba unakuwa mwekundu, kwa hiyo unarudia tena ili upoe. Mtu anafungwa hivyo miaka.

Alafu haidrokwinoni. Hii yenyewe ni dawa, inabana kile kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na daktari wa ngozi anaweza kukuandikia kwa kiwango kidogo, miezi michache, anakuangalia, anakuachisha. Ila ukijipaka mwenyewe mwaka baada ya mwaka na jua hili, inageuka, inaleta weusi wa bluu kwenye mashavu na pembeni mwa macho, na vipele vidogo vigumu, na huo weusi uko ndani na karibu hautoki. Afrika Kusini waliona haya mapema, daktari Findlay na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1975, na nchi ile ikaja kuipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Hapa kwetu UNBS, shirika la viwango la Uganda, nao wamekataza vipodozi vyenye haidrokwinoni na vyenye zebaki, Kenya na Tanzania hivyo hivyo, na bado zinapita mpakani kwenye mabegi kila siku ya Mungu. Nawaona wanawake wanaokuja na baka la bluu wakiomba iliyo kali zaidi ya ile, na ile ndo imelileta.

Zebaki ndo mbaya kupita zote manake haiishii kwenye ngozi. Inaingia kwenye damu, inaharibu figo, inagusa neva, mjamzito inamfikia mtoto tumboni, na wewe umejipaka lakini taulo, mto wa kulalia, mikono inayomlisha mtoto, vyote vinaibeba. Iko sana kwenye sabuni na krimu za kung'arisha. Dunia nzima ilikubaliana kuipunguza kwenye mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, vipodozi vimo ndani. Kwa hiyo kabla hujalipa geuza tyubu usome, ukiona clobetasol au betamethasone, hizo ni steroidi, hydroquinone, au neno lolote linaloanza na mercur, au calomel, hizo ni zebaki, rudisha. Na ambayo haina maandishi ya viungo kabisa usiishike hata ukipewa bure.

Kama umeshatumia muda mrefu sikutukani, na nakuomba usijifiche. Usiache steroidi ghafla ukiwa peke yako nyumbani, nenda kwa mtu wa ngozi akupunguzie kwa utaratibu, na ile tyubu au kikopo kiende na wewe, ndo kitu cha kwanza atakachotaka kuona. Kama unashuku zebaki, hiyo acha leo, na umwambie daktari akuangalie figo.

Na ndimu tuiache jikoni jamani. Maji ya ndimu kwenye ngozi alafu jua linaunguza, inatoka malengelenge na weusi wenye michirizi vile maji yalivyotiririka, nimeona mgongo wa mkono wa mtu aliyekuwa anakamua juisi nje. Dawa ya meno, baking soda, jiki, hapana, hapana, hapana. Manjano na shubiri watu wanapenda, sikatazi kama hazikuwashi, ila usizisubiri zifanye kazi ya dawa.

Zinazosaidia zipo, polepole. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 mi naipenda sana kwa sababu inasaidia chunusi na madoa kwa pamoja na mjamzito anaweza kuitumia. Niasinamidi inapunguza rangi isipelekwe juu, ni ya upole, nzuri kwa kuanzia. Vitamini C asubuhi chini ya sanskrini. Adapaleni au tretinoini, krimu za jamii ya vitamini A, usiku, kidogo sana kwa kuanza, inakausha ngozi kwa hiyo siku ya kupumzika katikati, na mwenye mimba au anayetafuta mimba asiguse. Dawa yoyote ikikuwasha mpaka ngozi iwe nyekundu na kuchunika, punguza au acha, kwa sababu ule muwasho wenyewe unaacha weusi mpya, sisi si watu wa kuamini kwamba dawa isiyochoma haifanyi kazi. Kwa mabaka sugu ya mashavuni madaktari wana vidonge vya asidi ya traneksamiki, ile ile inayotumika hospitali kuzuia damu, lakini hiyo si ya kununua dukani kwangu, kuna hatari ya damu kuganda, lazima aulize historia yako. Na zile za kuchubua kwa asidi kali na leza, kwa ngozi yetu zikifanywa na mtu asiyeijua zinaunguza na kuongeza weusi, usikubali kufanyiwa saluni.

Kuna madoa ambayo hutakiwi kuyapaka chochote, ni kwenda tu. Doa jeusi kwenye unyayo, kiganja, au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaopanuka au unaoingia kwenye ngozi ya pembeni. Mistari kwenye kucha nyingi kwa watu weusi ni kawaida, ule mmoja unaobadilika ndo wa kuangaliwa. Bob Marley aliyefariki mwaka 1981 saratani yake ilianzia kwenye kidole cha mguu, watu wanadhani weusi hawapati. Pia mabaka ya zambarau au meusi yanayoinuka, miguuni, mdomoni ndani kwenye kaakaa, miguu inavimba, hiyo inaweza kuwa kaposi, aina ya saratani, na kaposi inatibika ukiwahi. Na mtu ambaye mwili mzima unazidi kuwa mweusi, mikunjo ya viganja na ufizi pia, anachoka, anakonda, presha iko chini, hiyo inaweza kuwa shida ya tezi za juu ya figo, ni hospitali. Vile vipele vyeusi vidogo vya mashavuni kwa wazee wetu vilivyokaa miaka bila kubadilika, hivyo havina shida yoyote, waachieni.

Madaktari wa ngozi ni wachache nchini, najua, Mulago wana kliniki ya ngozi, Mbarara pia kwenye hospitali ya chuo, na kuna maafisa waliosomea ngozi kule Moshi Tanzania, kile kituo cha hospitali ya KCMC kinafundisha watu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, kwa hiyo uliza kwenye hospitali ya wilaya yako, unaweza kukuta yuko mmoja. Kabla hujaenda piga picha ya baka karibu na dirisha, asubuhi, bila filta, alafu kila mwezi irudie mahali pale pale saa ile ile, kwa sababu ukijiangalia kwenye kioo kila siku hutaona mabadiliko na utaacha dawa inayofanya kazi. Beba kila unachopaka na kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, hata ile ya aibu. Mwambie lini lilianza. Miezi 3 ikipita umepaka vizuri, jua umelikwepa, na picha ya kwanza na ya mwisho hazitofautiani, rudi na zile picha, usihamie kwenye kikopo cha jirani.